Taa Isiyoombwa

Jioni ile Kola aliingia nyumbani akitembea kama mtu aliyekwisha kushinda kesi, ingawa kesi yenyewe ilikuwa bado hata kusikilizwa. Alivua viatu mlangoni, akapiga meza kwa kiganja ili watu wamtazame, kisha mikono yake ikaanza kusema. Ilisema mbio mno. Kaka yake alikuwa amekaa akijikwangua rangi ya mafuta kwenye kucha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupaka nyumba za watu rangi, huku ya kwake ikibanduka. Alishika mambo mawili matatu, akasalimu amri.

"Mke wangu, hebu tafsiri. Huyu leo amekunywa petroli."

Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi, alikuwa jikoni. Lakini jiko lenyewe lilikuwa kona ya chumba kilekile, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Alifuta mikono, akamtazama wifi yake, akatafsiri kama alivyokuwa akitafsiri tangu alipoolewa katika nyumba hii.

"Anasema ametoka kwenye chama chao cha viziwi. Katibu amemwandikia malalamiko na kuyapeleka ofisi ya usuluhishi wa kazi. Tajiri ameitwa. Wiki ijayo."

"Safi sana!" Mume akapiga paja. "Wamemwambiaje? Ana haki?"

Mikono ikaeleza, na Mama Futi akafuata nyuma yake. "Kuna sheria. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu ya ulemavu kabla hajamrekebishia mazingira ya kazi. Kama ni kitu kinachowezekana, anapaswa kukifanya. Katibu amemuuliza kama aliwahi kuomba kitu akanyimwa. Naye amemwambia..."

Hapo akageuka kutazama sufuria.

"Amemwambia nini?"

"Kwamba aliomba taa."

"Eee! Ile taa!" Mume alisimama kabisa. "Taa ndogo tu ya kuwaka na kuzima, mtu mwenye karakana nzima anaikatalia! Hapo ndipo penye shingo yake. Safari hii Tajiri hatoki."

Kola alipoona kaka yake amefurahi, naye alicheka, ile sauti yake ya puani inayomchekesha kila anayeisikia. Akamgeukia wifi yake, akaweka vidole viwili midomoni, kisha akavielekeza kwake. Hilo ndilo lilikuwa jina lake. Watu wengine walimwita Mama Futi kwa sababu ya futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake kutwa, lakini kwa Kola alikuwa vidole viwili midomoni: Mdomo Wangu. "Mdomo Wangu atakuja nami," Kola alisema. "Yeye ndiye aliyeniombea. Yeye ndiye shahidi."

Mama Futi alirudi kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Shahidi wa nini? Tajiri hakuikatalia taa. Taa haikuombwa.

Mambo yalikuwa hivi. Karakana yao, inayoshona sare za shule, ilikuwa zamani ghorofani, mahali penye sakafu ya mbao. Kola alikuwa akishona kola za mashati, na ndipo jina lilipotoka, maana hakuna fundi aliyegeuza kola ikakaa shingoni kama yake. Fundi akimtaka, alikanyaga sakafu mara mbili, mbao zikapeleka habari hadi miguuni pake, naye akainua kichwa. Hata Tajiri alikanyaga. Hakuna aliyeupanga utaratibu huo wala kuupa jina. Ulikuwepo tu kama ngazi zilivyokuwepo.

Kisha Tajiri alipata oda kubwa, akahamia jengo la chini lenye nafasi. Huko sakafu ilikuwa saruji, na saruji haina umbea, haipeleki habari ya mtu popote. Tajiri alifunga kengele ukutani. Kengele ya kuanza, ya chakula, ya kumwita fundi, zote ile ile. Mafundi walipomtaka Kola, walikanyaga kwa mazoea, wakaumia visigino, kisha wakazoea kumrushia vitambaa mgongoni. Kola hakupenda kurushiwa vitambaa. Nani angependa?

Ndipo alipomweleza wifi yake: taa moja juu ya cherehani yangu, swichi mlangoni. Mtu akinitaka, abonyeze. Kukitokea jambo, abonyeze mfululizo. Niombee kwa Tajiri.

Angeweza kuandika mwenyewe, maana shule aliiona kidogo. Lakini katika nyumba ile, kwa miaka yote, neno la Kola lilipitia kwa wifi yake. Mdomo upo, kalamu ya nini?

Bahati mbaya wiki hiyo nafasi ya usimamizi ilikuwa wazi, na Mama Futi aliitaka hasa. Alikuwa amekwisha kuingia ofisini kwa Tajiri kujipigia debe, akaona haya kurudi tena na ombi la ndugu. Mafundi wangesema hajakikalia kiti, tayari ameanza kubeba watu wake. Akajiambia, nikishapata nitaomba. Akapata. Kola akakumbusha. Akasema, ngoja kwanza nizoeleke.

Na tuseme kweli, maana baadaye aliisema mwenyewe: alikuwa amechoka. Alikuwa mdomo wa Kola hospitalini, benki, dukani, kwenye misiba. Kukiwa na harusi, watu wakicheka, yeye alikuwa akieleza kilichochekesha. Siku Kola alipomjia mara ya tatu, nyusi juu, "Vipi taa?", Mama Futi alikuwa na lundo la suruali zilizokosewa vipimo na fundi analia. Mikono yake ilijibu kabla moyo haujashauriwa. "Amekataa. Anasema ni gharama."

Kola alishusha mabega, akarudi kwenye cherehani yake. Mama Futi akahisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna.

Haukupita muda mrefu, bomba la boila ya pasi za mvuke likapasuka. Chumba kilijaa mvuke, mtu hamwoni mwenzake, kengele inalia kama ina kichaa. Mafundi walikimbilia uani wakikanyagana. Tajiri alisimama pale nje, shati limemgandia mwilini, akapiga kelele, "Wametoka wote? Msimamizi! Wote?"

"Wote!" Mama Futi alijibu.

Hakudanganya safari hiyo. Alisahau. Mtu aliyeishi naye nyumba moja, aliyekula naye asubuhi ileile, alimsahau. Kola alikuwa ameupa mlango mgongo, anamalizia kola, mpaka kitambaa kilipoanza kulowana mkononi. Alitoka mwenyewe akipapasa ukuta, shati la mwanafunzi mkononi, uso umeloa, akiwatazama wote waliosimama uani wakimtazama. Tajiri alikaa chini palepale kwenye ukingo wa maua, kichwa mikononi.

Kesho yake alimwachisha kazi. "Siwezi kubeba damu ya mtu," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Aliyeyatafsiri maneno hayo kwa Kola alikuwa Mama Futi.

*

Asubuhi baada ya Tajiri kupata wito, alimwita Mama Futi ofisini. Ofisi ilikuwa sanduku la mbao na kioo kona ya karakana, na humo Tajiri alionekana na watu wote hata akijikuna. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye desturi ya kuwapa mafundi pole hata kwa mafua.

"Mama Futi, kaa. Hii karatasi inasema nilikataa taa. Taa gani?"

Mama Futi alishika futi yake kwa mikono miwili. "Taa, Tajiri?"

"Ya kumwitia Kola. Mimi nimejikuna kichwa jana nzima, mke wangu kaniuliza kama nina chawa. Sikumbuki mtu kuniomba taa. Wewe unakumbuka?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu mwenyewe mpole. Lakini nje ya kioo mafundi walikuwa wakitazama huku wakijifanya hawatazami, na Mama Futi akaliona kila jicho.

"Labda amechanganya, Tajiri. Mambo ni mengi."

Tajiri alishusha pumzi. "Nilijua tu. Mimi siyo mtu wa hivyo. Mimi wote nawapigia kengele moja, simbagui mtu. Basi utakuja siku hiyo ueleze hivyo hivyo. Wewe ndiye shahidi wangu."

Alitoka mle, akapita katikati ya mafundi. Sasa kila upande ulikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa mmoja.

*

Nyumbani Kola hakuwa na kazi ya kufanya, na mikono isiyozoea kukaa haiwezi kukaa. Alichukua mashati yote ya kaka yake, akafumua kola zilizochakaa, akazigeuza upande mzima na kuzishona upya. Alipoyamaliza aliingia kwenye sare za mtoto wa kaka huyo, kisha za mtoto wa jirani. "Akikaa wiki moja zaidi," kaka yake alisema, "atatia kola mapazia." Wakacheka. Lakini jioni, baada ya mzaha, Kola alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akawatazama watu wakirudi makazini. Alikuwa amejitegemea tangu ujana wake. Alichangia kodi ya nyumba ile bila kuombwa, na sasa kila alipochukua kipande cha pili cha mkate alimtazama kwanza kaka yake usoni.

Siku ya kufua, wakiwa wawili uani wameinamia beseni, Mama Futi alijaribu. Alikausha mikono, akagusa bega la wifi yake.

"Hii kesi, tuiache," alisema kwa mikono. "Nitakutafutia kazi ya kushona hapa nyumbani. Utapata wateja."

Kola aliiachia nguo majini. "Kwa nini?"

"Kesi zinachosha. Tajiri ana watu."

"Unaogopa atakufukuza?"

Mama Futi aliinamia beseni, na Kola akakuchukua kuinama huko kama jibu. Uso wake ukalainika, akatikisa povu mikononi. "Akikufukuza, usijali. Nikirudi kazini nitashonea tumbo lako na langu. Wewe umenisemea miaka yote. Mimi nashindwaje kukulisha?"

Bora angemzaba kofi. Mama Futi aliinua mikono aseme, na mikono ikabaki hewani, maji yakitiririka kwenye viwiko. Kisha mtoto akatoka ndani akiuliza soksi zake, na mikono ikarudi kwenye beseni. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba anayeipita huiona ndefu.

*

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa plastiki, viti vya kila aina kama vilivyookotwa kwenye hafla mbalimbali, na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, kila baada ya sentensi mbili alitafuta leso. Alianza kwa kuomba radhi. Mkalimani wa ofisi amepata dharura, mtoto wake amelazwa. Wangeweza kuahirisha.

"Mama, nina oda ya shule tatu," Tajiri alisema. "Na mkalimani yupo. Mama Futi huyu ndiye siku zote anayemsemea."

Msuluhishi alimwangalia Mama Futi juu ya miwani. "Huyu ni mfanyakazi wako, na ni wifi ya mlalamikaji. Sheria inataka mtu asiye na upande."

"Ana pande zote," mume alisema kutoka kwenye benchi la nyuma, kwa furaha. "Hana shida."

Kola aliulizwa kama anakubali. Akatikisa kichwa ndiyo, tena ndiyo, kama aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Haya. Leo tusikilizane tu. Nikiona pana tatizo, nasimamisha."

Tajiri alianza. Alieleza jinsi anavyompenda Kola, jinsi kola zake zilivyomletea wateja, jinsi moyo ulivyomwenda mbio siku ya boila. Mama Futi alitafsiri yote hayo vizuri, na Kola aliyapokea bila kinyongo, maana yalikuwa kweli.

"Mimi, Mama, sibagui," Tajiri alihitimisha. "Mafundi wangu wote ni sawa. Kengele moja, sheria moja."

"Kengele," msuluhishi alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu hasikii."

Msuluhishi alipenga mafua, akaandika kitu, akaendelea. "Mlalamikaji anasema aliomba taa ukamkatalia."

"Hapo sasa! Naapa, Mama, sikuombwa. Na ningeombwa, ningeifunga siku ileile. Taa? Stoo kwangu zimejaa hadi panya wanazichezea. Taa moja ningemnyima mtu wa kola?"

Mama Futi alizihisi taa hizo zote, zimelala stoo kwenye vumbi, hatua chache kutoka mezani kwake. Kila siku alipita mlango ule akienda kuchukua nyuzi.

"Mtafsirie," msuluhishi alisema.

Mikono iliinuka. "Anasema hakumbuki," ilisema.

Kola aliruka kitini. "Mwongo! Alisema ni gharama!"

"Anasema si kweli," Mama Futi alitafsiri, na sauti yake akaisikia inatoka mbali.

Msuluhishi aliweka kalamu chini. Miaka mingi ya kuwatazama watu wakigombana ilikuwa imemfundisha kutazama mikono kuliko midomo, na hii aliyokuwa akiitazama ilikuwa imesema machache kuliko mdomo wa Tajiri. "Muulize. Hiyo taa aliiomba kwa nani? Alimwambia nani hasa?"

Angeweza kuuliza kitu kingine. Hakuna ambaye angejua. Angeuliza, umekula nini jana, na Kola angejibu, na yeye angetunga. Aliwaza hivyo, na kuwaza kwenyewe kukamtia aibu. Akauliza kama alivyoambiwa: Ulimwambia nani?

Kola alimshangaa. Swali gani hilo? Aliweka vidole viwili midomoni, kisha, ili hawa watu wasioelewa wapate kuelewa, akanyoosha mkono na kumgusa wifi yake kifuani kwa kidole. Huyu. Akatabasamu kwa msuluhishi kumsaidia.

"Anasema nini?" msuluhishi aliuliza, ingawa kila aliyekuwa mle alikuwa ameona.

"Anasema alinituma mimi."

"Na wewe ulifikisha?"

Tajiri alikuwa amegeuka kitini. Nyuma, mume alikuwa ameinama mbele kwa shauku, akingoja mkewe ambwage Tajiri. Kidole cha Kola kilikuwa bado kifuani pake, chepesi, hakisukumi.

"Sikufikisha," Mama Futi alisema. "Sikumwambia Tajiri kitu. Nilimwambia wifi yangu kwamba Tajiri amekataa. Ni mimi niliyekataa."

Feni ilizunguka. Tajiri alisema, "Mama Futi!", siyo kwa hasira, bali kwa namna mtu anavyoita jina la aliyeanguka. Kola alitazama uso wa huyu na wa yule, akaona jambo limetokea na yeye hayumo. Akamvuta wifi yake mkono. Umesema nini?

"Hujamtafsiria," msuluhishi alisema.

"Naomba mtu mwingine amwambie."

"Nani?"

Mama Futi aligeuka kumtafuta mumewe. Mumewe alikuwa ameugeukia ukuta.

"Kesi ni yake," msuluhishi alisema, polepole. "Sote humu tumejua isipokuwa yeye."

Mdomoni maneno yale yalipita mara moja yakaisha. Mikononi yalitaka kuonyeshwa, moja baada ya jingine. Ilibidi aonyeshe taa. Ilibidi amwonyeshe Tajiri, aonyeshe kuomba, kisha akatae kwa kichwa. Ilibidi aonyeshe uongo, na mwisho ajielekezee kidole mwenyewe. Kola alifuatilia kwa nyusi zilizokunjamana, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Rudia," alisema.

Akarudia, taratibu zaidi, kila umbo wazi. Hakulia, kwa sababu machozi yangemzuia kuona, naye alijua ana wajibu wa kuona uso ule. Uliwaza, ukaelewa, ukabaki hivyo. Kola aliondoa kidole chake kifuani mwa wifi yake, akauweka mkono mapajani.

Msuluhishi alisimamisha kikao. Wangerudi akiwepo mkalimani wa ofisi. Lakini kabla hawajainuka alimuuliza Mama Futi swali moja: mara ya mwisho Kola alipoomba, yeye alikuwa msimamizi tayari?

"Nilikuwa," Mama Futi alisema. Tajiri akachangamka. "Kwa hiyo mimi sikujua, Mama! Umesikia mwenyewe!"

"Uliambiwa. Umemweka msimamizi awe sikio lako pale kazini. Akiambiwa yeye, umeambiwa wewe. Na hata asingeambiwa mtu, wewe mwenyewe ulikuwa ukikanyaga mbao. Ulijua kabisa huyu anaitwaje, ukahamia kwenye saruji na kengele." Akatafuta leso. "Kuwapigia wote kengele moja, ndugu yangu, siyo usawa akiwemo asiyesikia."

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, Kola mbele peke yake, mke na mume nyuma.

"Mimi nimekuwa nikimtukana Tajiri kila nikikaa mezani," mume alisema hatimaye. "Kila siku. Na wewe unanipakulia chakula."

"Najua."

"Ndugu yangu angefia mle ndani."

"Najua. Na lipo jingine." Maana alikwisha kuanza, na mficha uchi hazai. "Siku ile Tajiri aliuliza kama wote wametoka. Nilisema wote. Nilimsahau."

Mume alisimama. Alimtazama kana kwamba anamtafuta mtu mwingine ndani yake. "Hilo usimwambie," alisema, kisha akafikiri, akatikisa kichwa. "Hapana. Mwambie. Mimi sitaki kuwa wa pili wa kumficha."

Alimwambia kesho yake. Kola alisema hilo alilijua tangu siku ileile. Aliiona sura yake pale uani. Hilo, alisema, alikuwa amekwisha kulisamehe, kwa sababu mvuke ulikuwa mwingi na kila mtu aliogopa. Hakusema lolote juu ya taa.

*

Kikao cha pili Mama Futi alikaa nje kwenye benchi. Mkalimani wa ofisi alikuwa amerudi, kijana mwenye koti na mikono safi, na kupitia mlango ulioachwa wazi Mama Futi aliiona mikono hiyo ikienda bila kusita, ikipeleka maneno na kuyarudisha, bila kuongeza wala kupunguza. Kola alimtazama kijana yule kwa namna ya mtu aliyepewa maji bila kusimangwa. Walikubaliana mapema tu. Kola arudi kazini, alipwe kwa muda aliokosa, taa ifungwe, na nyingine kubwa iwekwe juu ya mlango wa dharura.

Mama Futi alingoja kufukuzwa. Alipoona siku zinapita aliingia mwenyewe kwenye sanduku la kioo, akavua futi shingoni, akaiweka mezani.

"Ivae," Tajiri alisema bila kumtazama. "Nimeuliza. Nikikuondoa sasa, watasema nalipiza kisasi kwa shahidi. Sheria inakulinda na wewe."

Kwa hiyo akaivaa. Sheria ileile iliyomrudisha Kola kazini ilimfunika na yeye, na hakukuwa na adhabu ambayo ingemuuma kuliko hiyo. Angefukuzwa angalau angekuwa amelipa.

Taa ilifungwa juu ya cherehani ya Kola, ndogo, yenye kifuniko cha njano, mojawapo ya zile za stoo. Fundi wa umeme alichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Mafundi walipanga foleni kuibonyeza kwa mzaha mpaka Kola akawatishia kwa mkasi, na saa za chakula wakaanza kumzunguka awafundishe. Walijifunza kwanza matusi, kisha salamu, kisha majina yao. Kila mmoja alipewa jina kwa mikono. Mwenye kitambi alipewa kitambi, hakukasirika. Jioni Kola alimsimulia mtoto vituko vyao kwa majina hayo, vya msimamizi pia.

Mama Futi naye alibonyeza, siku ya kwanza. Taa iliwaka. Kola aliinua kichwa upesi, akamwona ni nani, akangoja. Uso wake ulikuwa wa adabu. Mama Futi alimwonyesha shati lililohitaji kola mpya. Kola alilipokea, akashukuru, akainamia kazi yake.

Nyumbani hawakugombana. Kola alichangia kodi, aliosha vyombo kwa zamu, alimsaidia mtoto kufunga daftari zake. Akienda hospitali alikwenda na mtu wa chama, na dukani alikwenda na kalamu. Mama Futi alikuwa na jioni zake zote sasa, hakuna aliyemwomba amsemee kitu. Kile alichokuwa akikitamani alikipata chote.

Jioni moja chakula kilikuwa tayari, yeye akiwa uani anaanua nguo. Kola aliandaa meza, akamgusa mtoto begani na kumtuma akaite watu. Mtoto alitoka mbio, akafika nusu ya uani, akarudi mlangoni kwa shangazi yake kuuliza tena. Kola alirudia. Alishika hewa pande mbili za shingo, akateremsha mikono kifuani, kama futi inavyoning'inia.

"Mama," mtoto alisema, amechanganyikiwa, "shangazi anasema nikamwite msimamizi wa kazini kwao. Kwani yuko hapa?"

Mama Futi alikunja shuka aliyokuwa ameishika, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya nyingine.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Mwambie nakuja."